Anza na kinu cha nyuklia: lango la kuingilia fizikia ya nyutrino

Mwanafunzi wa uzamili anayeanza kusoma nyutrino, chembe ndogo isiyo na chaji, kwa kawaida hukabidhiwa wiki ya kwanza matriki ya PMNS, inayoonyesha jinsi aina tatu za nyutrino, ziitwazo ladha, zinavyochanganyika: pembe tatu na awamu moja, pamoja na tofauti mbili za mraba wa tungamo. Anaikariri yote. Ukimuuliza kigunduzi cha tani 20 kilichowekwa mita 500 kutoka kwenye kinu cha nyuklia kitanasa nyutrino ngapi kwa siku, anaduwaa. Kwa maoni yangu mafunzo ya namna hiyo yameanzia mkiani. Fizikia ya nyutrino ni kazi ya kuhesabu vitu adimu katikati ya kelele nyingi. Asiyejua kinachohesabiwa hawezi kujua θ₁₃, ile pembe ya nyuzi 8.5 iliyo mojawapo ya zile tatu, ilipimwaje, wala aiamini kwa kiasi gani.

Hapa basi tutashika mmenyuko mmoja tu, beta ya kinyume, na tutaufuata kutoka ndani ya kinu mpaka kwenye pembe. Neno nyutrino humu, isipokuwa nikisema vingine, lina maana ya antinyutrino ya elektroni. Ndiyo pekee inayotoka kwa wingi kwenye vinu.

Historia nitaipita haraka. Wolfgang Pauli aliipendekeza chembe hii Desemba 1930, kwa sababu elektroni za beta, zinazorushwa kiini kinapooza, zilikuwa zinatoka na nishati ya kila kiwango ilhali hesabu ilidai kiwango kimoja. Mwaka 1934 Hans Bethe na Rudolf Peierls walikadiria eneo la mgongano wake, yaani kipimo cha uwezekano wa kugonga kitu, kuwa chini ya 10⁻⁴⁴ cm², wakahitimisha kwamba kwa vitendo haitaonekana. Hesabu yao ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni chanzo chenye nguvu ya kutosha, na vinu vya nyuklia vikakileta miaka minane baadaye. Mwaka 1956 Clyde Cowan na Frederick Reines wakaiona kwenye kinu cha Savannah River, Marekani.

Chanzo

Mpasuko mmoja wa urani hutoa takriban MeV 200 (elektroni-volti milioni 200) za joto. Vipande vinavyobaki vina nyutroni nyingi kupita kiasi, na kila jozi ya vipande huoza kwa beta mara sita hivi kabla ya kutulia. Kila beta huja na nyutrino yake. Shika jambo hili: nyutrino hutoka kwenye vipande vinavyooza. Mpasuko wenyewe hauzitoi. Ndiyo maana kinu kikizimwa mkondo wake haukatiki papo hapo, na mafuta yaliyokwisha kutumika huendelea kutoa kidogo kidogo.

Chukua kinu cha GW 3. Hapo wengi hujikwaa: hizo ni GW 3 za joto. Kituo kinachotangazwa kuwa cha MW 1,000 za umeme huzalisha joto karibu mara tatu ya hapo, na ukitumia namba ya umeme jibu lako litakuwa theluthi ya ukweli. MeV 200 ni sawa na joule 3.2×10⁻¹¹. Gawanya 3×10⁹ kwa 3.2×10⁻¹¹, unapata mipasuko 9.4×10¹⁹ kwa sekunde. Zidisha kwa sita, ni nyutrino 5.6×10²⁰ kila sekunde, zikisambaa pande zote sawasawa.

Mmenyuko

Nyutrino hugonga protoni, yaani kiini cha haidrojeni, na kuzalisha positroni na nyutroni:

ν̄ + p → e⁺ + n

Nyutroni na positroni kwa pamoja zina tungamo kubwa kuliko protoni, na pengo hilo lazima lilipwe na nyutrino. Kizingiti ni MeV 1.806. Katika nyutrino sita za mpasuko mmoja, robo hivi tu ndizo zinazokivuka. Zilizobaki hupita bila kuonekana hata ukijenga kigunduzi kikubwa namna gani. Kizingiti hicho hicho ndicho kinachozuia kuona nyutrino za potasiamu-40 kutoka ndani ya dunia, ambazo hazizidi MeV 1.31, wakati za urani na thoriamu zimeonekana kwa njia hii hii.

Eneo la mgongano, kwa makadirio ya kwanza, ni:

σ ≈ 9.5×10⁻⁴⁴ cm² × pE

ambapo p na E ni momenta na nishati yote ya positroni kwa MeV, na E = E ya nyutrino − 1.293. Jaribu nyutrino ya MeV 4. Positroni inapata MeV 2.707, momenta yake ni 2.658, na σ inakuwa 6.8×10⁻⁴³ cm². Kwa eneo hilo, nyutrino ingehitaji kusafiri ndani ya maji kwa wastani wa miaka ya mwanga 23 ndipo igonge protoni mara moja. Idadi ya nyutrino zinazotoka kwenye kinu hushuka kwa kasi nishati inapopanda, na σ hupanda, kwa hiyo zao la hizo mbili ni kilima chenye kilele karibu na MeV 4. Kila jaribio la vinu linachora kilima hicho.

Sasa jibu la lile swali la mwanzo. Ukijumlisha σ juu ya spektra nzima, yaani mgawanyo wa nyutrino kwa nishati, kila mpasuko una thamani ya takriban 5.9×10⁻⁴³ cm². Hiki ndicho kiwango kilichopimwa na jaribio la Daya Bay kule kusini mwa China. Zidisha kwa mipasuko 9.4×10¹⁹ kwa sekunde, upate 5.5×10⁻²³. Gawanya kwa eneo la tufe lenye nusu kipenyo cha mita 500, ambalo ni 3.1×10¹⁰ cm². Zidisha kwa idadi ya protoni: tani moja ya LAB, kimiminika cha kikaboni kinachojazwa kwenye vigunduzi, ina protoni 7.2×10²⁸ hivi, kwa hiyo tani 20 zina 1.4×10³⁰. Jibu ni 0.0025 kwa sekunde, yaani kama matukio 220 kwa siku. Ukiweka ufanisi wa asilimia 80 unabaki na 175.

Makosa ninayoyatarajia kwenye karatasi yako ni mawili. La kwanza ni kuchanganya mita na sentimita, ambalo hukupeleka mbali mara 10,000. La pili ni kudhani kinu hakibadiliki. Mafuta yanapoungua, urani-235 hupungua na plutoniamu-239 huongezeka, na mpasuko wa plutoniamu-239 una thamani pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko wa urani-235. Joto likiwa lile lile, nyutrino zinapungua taratibu mpaka mafuta yabadilishwe. Kwa sababu hiyo vikundi vya utafiti huomba taarifa za mafuta kutoka kwa wenye kituo, na bila taarifa hizo hesabu yako ina shimo.

Pigo la kwanza na la pili

Matukio 175 kwa siku si haba. Tatizo ni kwamba kigunduzi hicho hicho huona mwanga wa mionzi ya asili makumi ya mara kwa sekunde, kutoka kwenye mwamba, chuma, vioo na gesi ya radoni. Kinachookoa ni kwamba beta ya kinyume hupiga mara mbili.

Pigo la kwanza ni positroni. Inaacha nishati yake kwenye kimiminika cha sintileta, kile kinachotoa mwanga chembe inapopita, kisha inakutana na elektroni na zote mbili kugeuka kuwa gama mbili za MeV 0.511. Yote hayo humalizika ndani ya nanosekunde chache. Nishati unayoiona ni ya nyutrino ukitoa MeV 0.78, na hapo ndipo uzuri wa mmenyuko huu ulipo: ukiipima positroni, umeipima nyutrino. Nyutroni haibebi karibu chochote.

Pigo la pili ni nyutroni yenyewe. Inatangatanga ikigonga protoni na kupoteza mwendo, kisha kiini fulani kinaidaka. Ikidakwa na haidrojeni, hutoka gama moja ya MeV 2.2 baada ya wastani wa mikrosekunde 200. Ikidakwa na gadoliniamu, metali inayochanganywa kwenye kimiminika, hutoka gama kadhaa zenye jumla ya MeV 8, na kwa mchanganyiko wa asilimia 0.1 muda huo hupungua mpaka mikrosekunde 30 hivi. Asilimia 0.1 inatosha kwa sababu gadoliniamu-157 ina eneo la kudaka nyutroni la barni 254,000 (barni moja ni 10⁻²⁴ cm²), na haidrojeni ina barni 0.33 tu.

MeV 8 ni namba ya kuitazama vizuri. Gama za mionzi ya asili hukoma kwenye MeV 2.6, zile za thaliamu-208. Pigo la gadoliniamu linasimama juu kabisa ya kelele hizo, wakati la haidrojeni limezama katikati yake. Cowan na Reines walitumia kadimiamu kwa sababu hiyo hiyo. Walipata matukio karibu matatu kwa saa, na hawakuridhika na kuwasha na kuzima kinu peke yake: walibadilisha sehemu ya maji kwa maji mazito ili kupunguza protoni, wakaangalia kama ishara nayo itapungua. Ilipungua. Jaribio lolote unalolisoma, tafuta uthibitisho wa aina hiyo.

Ndani ya tangi

Vigunduzi vinane vya Daya Bay, vilivyoacha kukusanya data mwaka 2020, ni mfano mzuri wa kusomea, kwa kuwa kila tabaka lilikuwa na sababu yake. Katikati kulikuwa na pipa la akriliki lenye upana wa mita 3 hivi, lililojaa tani 20 za sintileta yenye gadoliniamu. Pipa hilo lilikuwa ndani ya pipa jingine la akriliki la mita 4, lenye sintileta isiyo na gadoliniamu. Nje yake kulikuwa na tangi la chuma la mita 5 lenye mafuta ya madini, ambamo mirija 192 ya fotomaltiplaya ya inchi 8, inayogeuza mwanga kuwa ishara ya umeme, ilipangwa ukutani.

Tabaka la kati lipo ili kudaka gama zinazotoroka. Bila tabaka hilo, nyutroni iliyodakwa karibu na ukuta ingepoteza sehemu ya zile MeV 8 nje, na ungekosa tukio. Mafuta ya madini hayatoi mwanga wa maana, na kazi yake ni kuweka umbali kati ya sintileta na vioo vya mirija, ambavyo vina mionzi yake. Faida ambayo wanafunzi wengi hawaioni ni hii: mpaka wa eneo la kupimia umewekwa na kemia. Tukio linahesabiwa kwa sababu nyutroni imedakwa na gadoliniamu, na gadoliniamu ipo ndani ya pipa tu. Huhitaji kukata kwa kutumia mahali lilipotokea, kipimo ambacho kingeleta shaka ya asilimia kadhaa. Bado kuna mvujo mdogo: nyutroni iliyozaliwa nje ya pipa huweza kuingia, na ya ndani kutoka. Mizani hiyo hailingani kabisa, na ni lazima uiige kwenye programu.

Kemia nayo ina hatari zake. Jaribio la Chooz, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1990, liliyeyusha gadoliniamu kwa chumvi ya naitreti, na kimiminika kikaanza kuwa cha manjano, mwanga ukisafiri umbali mfupi zaidi kadiri siku zilivyopita. Jaribio lisiloweza kuuamini mwanga wake haliwezi kukaa miaka kumi. Daya Bay walifunga gadoliniamu kwenye asidi ya kikaboni, wakaiyeyusha ndani ya LAB pamoja na gramu 3 za PPO kwa lita na miligramu 15 za bis-MSB. PPO hutoa mwanga, bis-MSB huusogeza kwenye rangi ambayo mirija huipokea vizuri na kimiminika hakiimezi. Juu ya kimiminika ilipitishwa naitrojeni, maana oksijeni huzima mwanga.

Kelele zinazojifanya nyutrino

Sehemu hii ndiyo itakayokula miezi yako. Kelele rahisi kuliko zote ni sadfa: mapigo mawili yasiyohusiana yaliyokaribiana kwa bahati. Kiwango chake ni R₁ × R₂ × T. Chukua mapigo 60 kwa sekunde yanayofanana na pigo la kwanza, 0.01 kwa sekunde yanayofanana na la pili, na dirisha la mikrosekunde 200. Unapata sadfa 10 hivi kwa siku. Inavumilika, na unaweza kuipima kwa usahihi kwa kuhamisha dirisha mahali pasipo na uhusiano. Lakini ukitaka kutumia haidrojeni badala ya gadoliniamu, R₂ inapanda mara elfu na zaidi, na hapo ni lazima uongeze sharti la umbali kati ya mapigo mawili.

Kelele mbaya ni zile zenye uhusiano wa kweli. Muoni ya anga, chembe inayofanana na elektroni lakini nzito zaidi, ikipita kwenye mwamba huweza kurusha nyutroni ya kasi. Nyutroni hiyo inasukuma protoni na kutoa mwanga, kisha inadakwa. Mapigo mawili, mpangilio ule ule. Mbaya zaidi ni lithiamu-9, ambayo muoni huizalisha kutoka kwenye kaboni ya sintileta yenyewe. Huoza kwa kutoa elektroni na nyutroni kwa pamoja, na nusu-maisha yake ni sekunde 0.178. Hakuna sharti la nishati wala muda litakaloitenga na nyutrino, tukio kwa tukio. Unaweza kusema: nitafunga macho sekunde moja baada ya kila muoni. Kama muoni 20 zinapita kigunduzi kila sekunde, hutabaki na muda wowote wa kuona. Kwa hiyo hufungwa muda mrefu tu baada ya zile muoni zilizoacha nishati kubwa mno, na kiasi kinachobaki hukadiriwa kwa kuangalia muda uliopita tangu muoni ya mwisho. Tiba ya kweli ni kwenda chini zaidi ya mwamba.

Kuna pia kelele unazojiletea mwenyewe. Baadhi ya mirija ya fotomaltiplaya hutoa mwanga kwenye misingi yake, na Daya Bay ilibidi kuitambua kwa umbo: mrija mmoja una mwanga mwingi kupita kiasi, na kundi la upande wa pili linauona. Chanzo chao cha kusawazishia, amerisiamu-241 na kaboni-13, kilichoegeshwa juu ya tangi, kilikuwa kinatoa nyutroni zilizoishia kuhesabiwa. Kila kifaa unachokileta karibu na kigunduzi kihesabu kama chanzo cha kelele mpaka kithibitishwe vingine.

Ndipo pembe

Sasa matriki inapata maana. Kwa umbali mfupi, uwezekano wa nyutrino kubaki na ladha yake ni:

P ≈ 1 − sin²2θ₁₃ · sin²(1.267 · Δm² · L/E)

Hapa L ni umbali kutoka kwenye kinu, E ni nishati ya nyutrino, na Δm² ni tofauti ya mraba wa tungamo. L kwa mita na E kwa MeV, au kilomita na GeV, usichanganye. Weka Δm² = 2.5×10⁻³ eV² na E = 4, upungufu mkubwa kabisa unaangukia karibu kilomita 2. Hapo ndipo kigunduzi cha mbali kinapopaswa kukaa.

Kigunduzi kimoja hakitoshi. Hatuijui spektra ya kinu vizuri hivyo: hesabu zilizofanywa upya mwaka 2011 zilitabiri nyutrino nyingi kuliko zilizopimwa kwa karibu asilimia 6, na baadaye majaribio yote makubwa yakakuta uvimbe kwenye spektra karibu na MeV 5 ambao nadharia haikuutarajia. Pembe ingepotea ndani ya shaka hiyo. Dawa ni kuweka vigunduzi vya karibu na vya mbali vinavyofanana, kisha kugawanya. Kosa la chanzo linajifuta lenyewe. Ndiyo maana Daya Bay walijaza vigunduzi viwili viwili kwa kimiminika cha asili moja na kupima kwa uangalifu kilo zilizoingia kila kimoja. Tarehe 8 Machi 2012 walitangaza sin²2θ₁₃ = 0.092, na matokeo ya mwisho, baada ya siku 3,158 za data, ni 0.0851 ± 0.0024. Majaribio mengine mawili ya vinu, RENO ya Korea Kusini na Double Chooz ya Ufaransa, yalipata picha ile ile.

Δm² ndogo, 7.5×10⁻⁵ eV², inahitaji umbali wa makumi ya kilomita. KamLAND, Japani, ikiwa na wastani wa kilomita 180 kutoka kwenye vinu, mwaka 2002 iliripoti matukio 54 pale ilipotarajia 86.8. JUNO, iliyoanza kukusanya data Agosti 2025 mkoani Guangdong, imekaa kilomita 53 na tani 20,000 za sintileta. Lengo lake kuu ni mpangilio wa tungamo, yaani ipi kati ya tungamo tatu za nyutrino ni kubwa na ipi ndogo, na ishara yenyewe ni viwimbi vidogo juu ya spektra, ambavyo awamu yake hutofautiana kidogo kati ya mipangilio miwili. Kuviona kunahitaji uwezo wa kutenganisha nishati wa asilimia 3 kwenye MeV 1. Kwa ajili hiyo wameacha gadoliniamu, maana mwanga lazima uvuke tufe la mita 35, na wamekubali kuishi na zile MeV 2.2 za haidrojeni. Ndipo usafi wa mionzi ukawa suala la kufa na kupona.

Kama unataka zoezi la kuanzia, andika programu fupi: kilima cha nishati kutoka MeV 1.8 hadi 8, mlinganyo kamili wa ladha tatu, umbali wa kilomita 53, na ukungu wa asilimia 3 uliogawanywa kwa mzizi wa nishati. Chora mipangilio yote miwili. Kisha gawanya nguvu ya vinu mara mbili, nusu kwenye kilomita 52 na nusu kwenye 54. Kwenye MeV 4 wimbi la haraka lina urefu wa kilomita 4 hivi, kwa hiyo tofauti ya kilomita 2 inaliweka kilele juu ya bonde, na viwimbi vitafutika mbele ya macho yako. Halafu rudisha umbali, pandisha ukungu mpaka asilimia 5, uone kinachobaki.